Taashira ya Nuru

Mtahiniwa, unapokutana na nuru katika kitabu teule, usiandike tu "nuru ni matumaini" kisha ukahamia hoja nyingine. Waandishi wengi huiazima taashira hii kutoka Biblia, kwa hivyo elewa asili yake.

Soma Mwanzo, sura ya 1. Nuru inaumbwa siku ya kwanza. Jua, mwezi na nyota vinaumbwa siku ya nne. Biblia ya Kiswahili ya Union Version hutofautisha mambo haya kwa maneno: kwanza "nuru", baadaye "mianga". Kwa Mkristo, basi, jua si chanzo cha nuru. Limepewa tu kazi ya kuangaza. Chanzo ni Mungu. Injili ya Yohana inaendeleza wazo hili: Kristo ndiye nuru, naye Yohana Mbatizaji ni shahidi wake, anayefananishwa na taa. Ufunuo, sura ya 21, unataja mji usiohitaji jua wala mwezi.

Sasa mchunguze mhusika anayewaangazia wengine:

1. Ni nani au ni nini kilichomwasha: mzazi, elimu au imani?
2. Anafukuza giza lipi: ujinga, dhuluma au dhambi?
3. Je, anakumbuka kwamba yeye ni taa? Kiongozi anayejiona kuwa chanzo cha nuru huwa ameanza kuwatia wenzake gizani.

Kila jibu litolee mfano kutoka kitabuni.

Swali la marudio
"Mhusika mwema ni taa, si nuru." Thibitisha kauli hii ukirejelea kitabu teule ulichosoma. (alama 10)