Malaria Inapopanda Kichwani

Watu husema "malaria imempanda kichwani" wamwonapo mgonjwa wa homa akipayuka, akishikwa na degedege, au akilala usingizi asioamshika. Pwani wako waliosadiki tangu zamani kwamba degedege huletwa na pepo mwenye umbo la ndege. Lakini jambo lenyewe hutendeka ndani ya fuvu, nalo laweza kuelezwa.

Kijidudu kiitwacho Plasmodium falciparum huingia katika chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huota vinundu, na kwa vinundu hivyo hung'ang'ania kuta za mishipa myembamba ya ubongo, hata njia ya damu ikazibwa kama mfereji uliojaa takataka. Yafaa ieleweke kwamba kijidudu hakitoki kwenda kuula ubongo, hubaki damuni. Chembe zipasukapo humwaga taka zake, na mwili, kwa kujikinga, huita askari wake. Katika vita hiyo kuta za mishipa hudhurika na kuvuja, na ubongo huvimba. Mguu ukivimba una nafasi ya kutanuka. Ubongo umefungiwa ndani ya mfupa. Ukizidi kuvimba husukumwa chini na kuibana sehemu iongozayo pumzi, na hapo mgonjwa huacha kupumua.

Hayo yalidhihirika Blantyre, Malawi, kwa mashine ya sumaku ipigayo picha za ubongo. Habari zake zilitolewa mwaka 2015. Watoto 168 walipigwa picha, na 25 wakafa. Kati ya hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba mno tangu walipopokewa. Hata hivyo, kati ya 143 waliopona, 39 walikuwa na uvimbe kama huo.

Basi, mbona uvimbe usitulizwe kwa dawa? Ilijaribiwa Thailand, na matokeo yakatangazwa mwaka 1982. Wagonjwa waliopewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, walikaa katika kuzimia muda mrefu kuliko wenzao! Lililofaa ni kuua vijidudu upesi. Watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwamo, walitibiwa katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010: waliodungwa kwinini walikufa 10.9 katika kila 100, na waliodungwa artesuneti 8.5. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kuitazama, lakini si ndogo kwa mzazi.

Baadhi ya wanaopona hubaki na kifafa, udhaifu wa viungo au uzito wa kujifunza. Kwa hiyo mtoto mwenye homa ashikwapo na degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole kinywani, na asinyweshwe kitu maadamu hajazinduka. Apelekwe hospitali saa ile ile, hata degedege likiisha njiani. Huko hupimwa vijidudu na sukari pia, kwa maana malaria kali hushusha sukari ya damu, na upungufu huo peke yake waweza kumzimisha mtoto.