SOMO LA KIINGEREZA: Maneno "used to" na jinsi ya kuyatumia



Yako maneno mawili madogo ya Kiingereza ambayo yaweza kumpotezea mkulima mteja wake, hali mkulima mwenyewe hana kosa lo lote shambani. Maneno hayo ni "used to". Wengi wetu tunaoleta mazao Nairobi, na watoto wetu wanaokaa katika mitaa ya Eastlands, twayatumia kila siku. Lakini mara nyingi twayatumia mahali pasipo pake.

Tuchukue mfano. Tuseme wewe ni mkulima wa Kiambu, nawe huleta kabichi kila Jumatatu na kila Alhamisi kwa mwenye hoteli mmoja huko Makongeni. Sasa mwenye hoteli ameajiri karani mpya wa kununua vyakula. Wataka kujijulisha kwake, basi wamwandikia hivi:

"I used to bring cabbages on Monday and Thursday."

Wewe wadhani umesema, "Mimi huleta kabichi Jumatatu na Alhamisi." Lakini karani ajuaye Kiingereza atasoma hivi: "Zamani nilikuwa nikileta kabichi Jumatatu na Alhamisi, lakini sasa nimeacha." Basi atatafuta mtu mwingine. Alhamisi utafika na magunia yako na kukuta stoo imejaa kabichi za mwenzako. Utaeleza, naye karani atakuonyesha barua yako mwenyewe. Wakati huo jua linapanda, na kabichi hazingoji.

Kosa hili latoka wapi? Latoka katika Kiswahili chetu. Sisi tuna "hu-", kama katika "huleta", "huuza", "huenda", kuonyesha jambo lifanywalo siku zote. Mtu hutafuta neno la Kiingereza la kushika mahali pa "hu-" hiyo, naye huona "used to" na kulichukua. Sivyo. Kwa jambo ambalo ungali ukilifanya, Kiingereza chatumia kitendo peke yake, pamoja na "every" au "usually":

"I bring cabbages every Monday and Thursday."
Mimi huleta kabichi kila Jumatatu na kila Alhamisi.

"I usually come by matatu."
Kwa kawaida huja kwa matatu.

Sasa tutazame kazi tatu ambazo "used to" hufanya kwa kweli.

KAZI YA KWANZA: Jambo la zamani ambalo limekwisha

Hapa "used to" hufuatwa na kitendo kisichobadilika. Mitaa ya Eastlands ina mifano mingi, kwa kuwa mambo mengi yamebadilika huko.

"Jogoo Road used to be called Doonholm Road."
Zamani barabara ya Jogoo ilikuwa ikiitwa Doonholm Road.

"Donholm used to be a farm."
Zamani Donholm palikuwa shamba. Leo ni mtaa wa nyumba.

"Passenger aeroplanes used to land at Eastleigh."
Zamani ndege za abiria zilikuwa zikitua Eastleigh. Mwaka 1958 kiwanja cha Embakasi kilifunguliwa, nazo zikahamia huko.

"African men used to carry the kipande round their necks."
Wakati wa ukoloni wanaume Waafrika walikuwa wakichukua kipande shingoni. Angalia hapa: hata leo watu huita kitambulisho "kipande", lakini hakuna alazimishwaye kukitia shingoni. Jambo lililokwisha ni lile la shingoni.

Kama una shaka, jipime hivi. Mwisho wa sentensi yako, ongeza maneno "lakini sasa sivyo." Yakifaa, "used to" yafaa pia. Yasipofaa, usiitumie. "Zamani Donholm palikuwa shamba, lakini sasa sivyo." Yafaa. "Mimi huleta kabichi, lakini sasa sivyo." Haifai hata kidogo, maana kabichi ziko ndani ya gari!

KAZI YA PILI: Jambo ulilolizoea

Hapa ni lazima kutia "am", "is" au "are" mbele ya "used to". Tena baada yake huja jina la kitu, au kitendo chenye "-ing" mwishoni.

"She is used to the noise of Jogoo Road."
Amezoea kelele za barabara ya Jogoo.

"I am used to getting up at four."
Nimezoea kuamka saa kumi ya alfajiri.

Sasa zilinganishe sentensi hizi mbili kwa makini:

"I used to live in Bahati."
Zamani nilikuwa nikikaa Bahati. Sasa nimehama.

"I am used to living in Bahati."
Nimezoea kukaa Bahati. Ningali huko.

Tofauti ni "am" na "-ing" tu, lakini maana zimeachana mbali. Fikiri juu ya kijana anayetafuta kazi ya udereva katika Eneo la Viwanda. Aulizwa kama anaweza kuendesha lori. Akijibu, "I used to drive a lorry," bwana wa kazi aweza kudhani ya kwamba ameacha udereva siku nyingi. Akijibu, "I am used to driving a lorry," bwana huyo ajua ya kwamba ni mzoefu. Kijana ni yule yule, na leseni ni ile ile.

Au fikiri juu ya mzazi amwandikiaye mwenye nyumba kule Umoja, akitaka kumsifu mwanawe: "My son used to pay the rent on the fifth." Alitaka kusema ya kwamba mwanawe hulipa kodi kila tarehe 5. Lakini amesema ya kwamba mwanawe alikuwa akilipa zamani, na sasa halipi! Angeandika, "My son pays the rent on the fifth of every month," asingemtia kijana mashakani.

KAZI YA TATU: Chombo kitumikacho

"This pump is used to spray tomatoes."
Bomba hili hutumika kupulizia nyanya dawa.

Hii ni "used" nyingine, itokayo katika neno la kutumia. Hapa yanenwa ni chombo au kitu, nacho kitendo hakina "-ing". Hata sauti yake ni mbali. Katika kazi mbili za kwanza Mwingereza hutamka kama "yustu". Katika hii ya tatu hutamka "yuzd".

KUKANA NA KUULIZA

Ukitaka kukana au kuuliza juu ya mambo ya zamani, tumia "did". Hapo herufi "d" ya "used" huanguka, kwa sababu "did" imekwisha kuonyesha wakati uliopita.

"Did you use to live in Kaloleni?"
Je, zamani ulikuwa ukikaa Kaloleni?

"I did not use to sell eggs."
Zamani sikuwa nikiuza mayai.

ZOEZI

Geuza sentensi hizi kwa Kiingereza. Usitazame majibu kabla ya kuandika.

1. Mimi huuza nyanya katika soko la Wakulima kila Jumamosi.
2. Zamani shangazi yangu alikuwa akikaa Ziwani, lakini sasa anakaa Kayole.
3. Nimezoea kuandika hesabu zangu kila jioni.
4. Je, zamani ulikuwa ukifuga kuku?
5. Kisu hiki hutumika kukata sukuma wiki.

MAJIBU

1. I sell tomatoes at Wakulima Market every Saturday.
2. My aunt used to live in Ziwani, but now she lives in Kayole.
3. I am used to writing my accounts every evening.
4. Did you use to keep chickens?
5. This knife is used to cut sukuma wiki.

Ukikosa namba 1, rudia somo toka mwanzo, kwa maana hilo ndilo kosa letu kubwa. Kisha andika sentensi tatu juu ya shamba lako mwenyewe: moja ya jambo uliloacha, moja ya jambo ulilolizoea, na moja ya jambo ambalo hufanya kila juma. Mpe mtoto wa shule hapo nyumbani azisome, na umwulize, "Je, kabichi zangu bado naleta, au nimeacha?" Akijibu sawasawa, waweza kumwandikia mteja wako bila hofu.