Dondoo muhimu: Muamala wa ndani kwenye foleni ya ujumbe

Katika JMS, kiwango cha Java cha kupitisha ujumbe kati ya mifumo, muamala wa ndani hauna amri ya kuuanzisha. Fungua kipindi kwa SESSION_TRANSACTED. Kila ukithibitisha au kubatilisha, muamala mwingine huanza papo hapo.

Ujumbe uliotuma hauondoki hadi uthibitishe. Ukituma ombi kisha ukasubiri jibu lake ndani ya muamala uleule, utasubiri bure, maana mpokeaji hajaona kitu. Thibitisha kwanza, ndipo usubiri. Kosa hili nimeliona likiwapotezea watu hodari siku nzima, na inauma kwa sababu dawa yake ni mstari mmoja wa programu.

Muamala huu hulinda foleni tu, hifadhidata haimo. Malipo yakishaandikwa, kisha seva ikazimika kabla foleni haijathibitishwa, ujumbe utaletwa tena na mteja anaweza kukatwa fedha mara mbili. Hata hivyo anza na hifadhidata, foleni ifuate: ujumbe uliorudiwa unatambulika, uliopotea haurudi. Namba ya kila ujumbe iandike kwenye jedwali lisiloruhusu marudio, pamoja na malipo yenyewe. Ukija mara ya pili, jedwali litaukataa.

Ujumbe mbovu hurudi kila unapobatilisha. Weka kikomo: seva ya ujumbe ya ActiveMQ Classic, usipobadilisha mpangilio, huuleta upya mara 6, kisha huupeleka kwenye foleni iitwayo ActiveMQ.DLQ. Mpe mtu kazi ya kuikagua foleni hiyo kila asubuhi.

Na kipindi kimoja kisitumiwe na nyuzi mbili za programu kwa wakati mmoja.