Katikati ya Mji Ni ya Nani? Mafunzo Niliyopata Kati ya Rugaaga na Mbarara

Katikati ya mji hufufuka pale mtu mwenye pesa kidogo anapoweza kuingia, kukaa na kuuza bila kufukuzwa. Hilo nimejifunza kwa miaka mingi ya kushona na kuuza vitenge kati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mji mdogo wa Rugaaga na jiji la Mbarara. Mengine yote nitakayosema hapa yanatokana na hilo.

Kwa asiyekujua kwetu, Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko. Leo tunaishi humo watu zaidi ya 150,000. Sisi Wakongomani ndio wengi, na pamoja nasi wako Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Rugaaga ni mji wa wenyeji unaopakana nasi. Mbarara ndiko tunakofuata mizigo, hospitali kubwa na benki, na tarehe 1 Julai 2020 ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Tangu hapo kila mtu anazungumzia sura ya jiji. Nami kama mfanyabiashara mdogo nina la kusema.

1. Mji huanzishwa na wanaokutana

Base Camp, yalipo makao ya uongozi wa Nakivale, hapakupangwa kuwa mji wa biashara. Palikuwa mahali pa kuandikisha watu na kugawa misaada. Lakini watu wakikusanyika kila siku, mmoja atawapikia chai, wa pili atawauzia sabuni, wa tatu atawachajia simu. Ndivyo mitaa ilivyoota. Upande wa Wasomali utapata sambusa, chai ya viungo na maduka ya jumla. Upande wa Wakongomani kuna sombe ya majani ya muhogo, makayabu ya samaki wa chumvi, vitenge, saluni na mafundi cherehani. Wote hao wana wateja wa kila taifa.

Rugaaga nayo imekua vivyo hivyo. Siku ya soko wenyeji Wanyankole huleta ndizi, maziwa, samli na mbuzi, nasi tunapeleka nguo, viatu, dagaa na ufundi wa mikono. Mama anayeniuzia matoke ndiye ninayemshonea sare za shule za watoto wake. Anajua mimi ni mkimbizi, najua shamba ni lake, lakini mbele ya meza yangu yeye ni mteja na mimi ni fundi. Hakuna ofisi wala semina iliyowahi kutupatanisha vizuri kuliko soko.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2014 utafiti juu ya uchumi wa wakimbizi nchini Uganda, Nakivale ikiwemo. Kwa jiji la Kampala waliona kwamba asilimia 21 ya wakimbizi waliowahoji walikuwa na biashara iliyomwajiri angalau mtu mmoja, na kati ya walioajiriwa, asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Ukikutana na mpango wa kuboresha mji unaomwona mgeni kama mzigo tu, kumbuka hesabu hiyo.

2. Barabara ya katikati impe nafasi anayetembea

High Street ya Mbarara ni barabara ya biashara, na kwa miaka mingi ilikuwa pia njia kuu ya malori yanayotoka Mombasa na Kampala kwenda Rwanda na Kongo. Kununua kitu pale ilikuwa kazi. Unavuka huku umeshika mkono wa mtoto, unapumua moshi, na ukisimama kidogo kuangalia bidhaa honi zinakusukuma mbele. Barabara ya kuzunguka mji, iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, iliyatoa malori mengi katikati.

Kazi nyingine ilifanywa chini ya mpango wa USMID, ulioanza mwaka 2013 kwa fedha za Benki ya Dunia na kuihusisha Mbarara pamoja na manispaa nyingine 13. Zilikuja lami, mitaro, njia za waendao kwa miguu na taa za barabarani. Kwa mwenye gari huo ni urembo wa mji. Kwa muuza vitenge ni mauzo. Kitenge hakinunuliwi na mtu anayepita mbio. Mama atakishika, atakisugua kuona kama kinachuja, atakiweka begani, atamwuliza mwenzake, ndipo aulize bei. Mahali asipoweza kusimama kwa amani hawezi kununua.

Taa nazo zimeongeza saa za kazi. Penye giza biashara hukatika saa kumi na mbili na nusu jioni, na mwanamke hukusanya vitu vyake haraka awahi nyumbani. Penye taa, saa mbili usiku bado kuna nyama ya muchomo kwenye makaa, kuna wakala wa pesa za simu, kuna binti anayeuza matunda bila hofu.

3. Soko zuri hujengwa pamoja na muuzaji

Mbarara ni miongoni mwa miji iliyojengewa soko jipya chini ya mradi wa MATIP, ambao serikali ya Uganda iliutekeleza kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Soko la kisasa ni jambo jema, na nalisema hilo kwa moyo wangu wote. Wauzaji wa Owino kule Kampala, ambao soko lao liliungua zaidi ya mara moja katika miaka ya 2009 hadi 2013, wanajua thamani ya kuta zisizoshika moto, maji ya bomba na nafasi ya gari la zimamoto kupita.

Lakini nimetembelea masoko kadhaa ya orofa katika miji ya Uganda na kuona jambo lilelile: chini pamejaa, juu vizimba vimefungwa. Sababu yake si uvivu wa wateja. Anayenunua nyanya, ndizi na mkaa amebeba mzigo kichwani na mtoto mgongoni, hatapanda ngazi kufuata vitunguu. Muuza vitunguu naye, akiona siku tatu hajauza, anashuka na kutandika gunia barabarani, halafu anaitwa mvunja sheria.

Laiti wauzaji wangeulizwa kabla ya ramani kuchorwa, wangesema: vyakula vibichi viwe chini, mafundi cherehani na saluni wapande juu, kwa sababu mteja wetu hutufuata kwa jina. Wangesema pia ushuru ulipwe kidogokidogo kila siku, maana muuzaji mdogo hana akiba ya kulipa miezi mitatu kwa mkupuo. Na wangeomba majina yao yaandikwe kabla soko la zamani halijavunjwa, orodha ibandikwe hadharani, ili siku ya kurudi kizimba kisiende kwa mtu ambaye hajawahi kuuza hata fungu la mchicha.

4. Mgeni huwafuata wenyeji

Magari ya watalii hupita Mbarara kila siku yakielekea Bwindi kuona sokwe wa milimani au yakitoka Hifadhi ya Ziwa Mburo. Wengi husimama Biharwe, kwenye kituo cha utamaduni cha Igongo, kuonja eshabwe, mchuzi wa samli, na kuona makumbusho ya Ankole. Wachache huingia katikati ya jiji. Wakubwa wakilitazama hilo huwaza hoteli kubwa zaidi.

Tutazame Zanzibar. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Kinachowavuta wageni pale jioni ni kwamba Wazanzibari wenyewe wapo: wazee wanapiga soga, watoto wanaruka baharini, wapishi wanakaanga, miwa inakamuliwa. Wenyeji wakiondoka patabaki ukuta na meza, na hakuna anayesafiri mbali kuja kuangalia meza.

Tena mgeni si mtalii peke yake. Mbarara ina hospitali kubwa ya rufaa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989. Wageni wengi wa jiji hili ni ndugu waliomleta mgonjwa, wazazi wanaomtembelea mwanafunzi, mkulima wa Rugaaga aliyekuja benki, mkimbizi wa Nakivale aliyekuja kufuata karatasi. Mgeni wa namna hii anahitaji choo safi, benchi penye kivuli, chakula cha bei nafuu na steji ya taksi isiyomchanganya. Ukimtimizia huyo, mtalii naye atafurahi. Ukimjengea mtalii pekee, huyu atalala njaa barazani.

5. Taka za mjini hufika kwa jirani

Mto Rwizi unapita Mbarara ndipo uelekee kwenye mabonde na maziwa ya upande wetu. Eneo hilo la maziwa Mburo na Nakivale liliorodheshwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Sisi tunavua samaki katika Ziwa Nakivale, na maji yake ndiyo yanayosafishwa na kusambazwa katika makazi.

Kwa hiyo mtaro wa mjini ukijaa chupa za plastiki na mafuta machafu ya gereji, na kingo za mto zikilimwa hadi majini, madhara hayaishii penye kibao cha kuaga jiji. Katikati ya mji pakisafishwa, anayenufaika ni pamoja na mvuvi na mama mwenye dumu la maji ambao huenda hawajawahi kukanyaga High Street. Ndiyo maana nasema bajeti ya usafi wa Mbarara ni jambo la Isingiro pia.

6. Rangi mpya haimpi mteja pesa

Watu wa Nakivale walipoanza kupewa fedha taslimu badala ya chakula, soko lilichangamka. Kisha fedha za wafadhili zikapungua. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilishusha mgao hadi asilimia 70 ya ule wa awali, na Februari 2021 hadi asilimia 60. Kuanzia 2023 kaya zikapangwa kwa makundi kulingana na hali zao.

Rugaaga iliona tofauti mara moja. Muuza maharage alibaki na magunia, mwenye boda boda akangoja abiria, mimi nikarudi kuweka viraka badala ya kushona nguo mpya. Barabara ilikuwa ileile na vibanda vilevile. Nilielewa hapo kwamba uhai wa soko umo mifukoni mwa wanunuzi.

Anayetaka kufufua katikati ya mji aanze basi na njia za watu kupata riziki: mtaji mdogo kupitia vikundi vya akiba, leseni isiyochukua wiki nzima ya kuzunguka ofisini, barabara ya udongo isiyokatika mvua zikinyesha. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufanya kazi na kutembea. Haki hiyo huleta faida pale mtu anapofika sokoni na bidhaa zake na kupewa mahali pa kuziweka.

7. Mahali pa kudumu pasiitwe pa muda

Nakivale ina umri unaozidi miaka 60. Wako wazee waliozaliwa humo na wana wajukuu humo humo. Hata hivyo vituo vyetu vya biashara bado vinaendeshwa kana kwamba kesho kila mtu atafunga mizigo. Mvua ikinyesha maji hupita katikati ya vibanda kwa sababu mtaro haukuchimbwa, na vyoo havitoshi siku ya soko. Kisingizio cha muda kimekula maisha ya vizazi vitatu.

Naiomba Halmashauri ya Isingiro, Ofisi ya Waziri Mkuu na mashirika yanayosaidia wakimbizi yaipange Base Camp na Rugaaga pamoja, kama miji inayolishana: njia zipimwe, mitaro ichimbwe, taa ziwekwe, ushuru wa soko urudi kulisafisha soko. Nauomba uongozi wa Jiji la Mbarara ukae na wauzaji wadogo kabla ya kila ujenzi, uandike majina yao, na uwarudishe mahali pao ujenzi ukiisha. Na ninyi wenzangu wafanyabiashara, wenyeji na wageni, tuungane katika vyama, tulipe ushuru wetu, tufagie mbele ya vibanda vyetu na tuhudhurie mikutano ya mji bila kungoja kuitwa. Tusipokuwapo pale ramani inapochorwa, tutachorewa nje yake.