Neno la Nyika na Watu wa Nyika

Katika somo hili twataka kulitazama neno moja la kale, tupate kujua namna jina la ardhi ligeukavyo likawa jina la kudharau watu.

Wajuzi wa lugha wasema kwamba wazee wa kale wa Wajerumani, Waingereza na Waholanzi walikuwa na neno lililotamkwa karibu na "haithi", na maana yake ni nyika, yaani ardhi wazi isiyolimwa. Neno hilo lilizaa wana wengi. Kwa Kiingereza ni "heath", kwa Kijerumani na Kiholanzi ni "heide", na kwa Kideni ni "hede". Katika lugha ya watu wa Wales ndugu yake ni "coed", nalo maana yake ni msitu. Hata uwanja wa ndege wa Heathrow, London, wachukua jina la kijiji kilichokuwa nyikani.

Kwa kauli ya wajuzi wengi, neno hilo ndilo lililozaa "heathen", yaani mtu asiyefuata dini ya Kikristo; na kwa Kijerumani "Heide" huwa nyika, na huwa pia mtu huyo. Katika Injili iliyofasiriwa na Wulfila kwa Kigothi, karne ya 4, mwanamke wa Kiyunani aitwa "haithno". Kuna kauli ya pili, ya kwamba asili ni "ethne" la Kiyunani, yaani mataifa. Walakini Kilatini chatupa mfano ulio wazi: "paganus" kwanza alikuwa mtu wa shamba, kisha akawa asiye Mkristo, na hilo ndilo shina la neno "mpagani" tulitumialo.

Nasi watu wa pwani tusiwacheke wenzetu. Miji yetu iliwaita jirani zake Wanyika, yaani watu wa nyika, na jina hilo likaingia dharau. Wenyewe wakalikataa, na katika karne ya 20 wakajiita Mijikenda, yaani miji tisa.

Basi yatupasa kumwita mtu kwa jina alilolikubali mwenyewe. Ardhi akaayo mtu haitupi habari ya akili yake, wala ya moyo wake. Na aishiye mjini hakupewa adabu na kuta za mji.