FUNDISHO LA UFUNDI: MASHINI GANI KWA KUINGIZA PRIZI NDANI YA UKUTA?

Prizi yenye kupigiliwa juu ya ukuta inavunjika upesi. Kiti kinaigonga, nyuzi zinabaki inje, na mwenye kuzigusa anaweza kufa, sababu kuran yetu ni ya volti 220. Ni vizuri kuichimbia nafasi ndani ya ukuta. Lakini kwa mashini gani?

Muanze kwa kuangalia ukuta. Matofali mabichi hayaombi mashini hata moja: patasi na nyundo ndogo vinatosha. Matofali ya kuchoma ni laini kidogo. Bloku za simenti ziko na matundu ndani. Ukizipiga kwa nguvu zinabomoka na kisanduku cha prizi kinakosa pa kushikia. Betoni ndiyo inashinda wote.

Foreze ya kawaida, hata ile ya kupiga-piga, ni ya kutoboa tu. Haiwezi kuchonga, juu inapiga wakati inazunguka. Kwa kuchonga inafaa perforateri yenye kifungo cha kusimamisha mzunguko, ndipo patasi inapiga peke yake. Ndogo ya kilo 2 ao 3, wati 800, inatosha. Ile nzito ya kubomolea betoni muiache: itapasua krepi ya chumba cha pili!

Mashini ya diski ya mm 125 inakata mistari miwili safi, kisha katikati unaondoa kwa patasi. Diski ya mm 230 inavuta wati 2000 na zaidi. Grupu ndogo itazimika. Lakini mashini hii inatoa vumbi nyingi sana yenye silika, na silika inaleta silikosi, ugonjwa wa mapafu usiopona. Kitambaa puani hakitoshi. Inaomba maski ya vumbi na miwani.

Kuna tena kikombe cha almasi cha mm 82, kinachotoboa duara nzuri bila kupiga. Ni cha bei, kinafaa kwa mwenye kufunga prizi nyingi. Kama feza ni ya mashini moja tu, mimi ningenunua perforateri ndogo.

Mbele ya kuanza, mukate kuran na muangalie kama hakuna waya wa zamani pale. Mstari wa waya ushuke wima. Kanuni ya Waingereza inakubali kuchimba sehemu moja kwa tatu ya unene kwa mstari wima, lakini moja kwa sita tu kwa mstari wa kulala: ukuta wa cm 15, ni cm 5 ao cm 2 na nusu. Mukihesabu, musisahau kwamba krepi si ukuta.