Ziwa Basotu na wenyewe wake: mwongozo kwa viongozi wa mwalo, vijiji na kata

Mwongozo huu ni wa watendaji wa vijiji na kata, viongozi wa wavuvi, wafugaji na wakulima wanaolizunguka Ziwa Basotu. Unajibu swali moja: jambo likitokea ziwani, ni la nani, na nani aambiwe kwanza? Basotu haina gati wala meli, lakini mji huu umekulia kwenye maji kama miji ya bandari. Maji ya ziwa hili ni baridi, ilhali ya Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang', ni chumvi. Kwa hiyo mitumbwi, ng'ombe, madumu na pampu za umwagiliaji vyote hukutana ufuoni hapa, na kila kimoja kina ofisi yake.

Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Haimiliki maji. Maji ni mali ya umma, na msimamizi wake ni Bodi ya Maji Bonde la Kati yenye ofisi Singida. Samaki wako chini ya afisa uvuvi wa Halmashauri ya Wilaya ya Hanang' iliyoko Katesh. Kiboko ni wa afisa wanyamapori. Maji ya bomba ni ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na chombo cha jamii kinachoendesha mradi. Hapa watu huchanganya sana: chombo hicho cha bomba, kilichotokana na Sheria ya Huduma za Maji ya 2019, si Jumuiya ya Watumia Maji. Jumuiya hushughulikia chanzo chenyewe, kwa Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009. Barua ikienda kwa asiyehusika hukaa mezani mpaka kiangazi kiishe.

Ugomvi mwingi huanzia kwenye mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa la asili, pamoja na shughuli nyingine zinazoweza kuliharibu. Lakini ukingo unahama: mvua zikikolea maji yanapanda, Septemba yanarudi nyuma, na mkulima wa bustani anayafuata na jembe lake hatua kwa hatua. Msipime kiangazi. Mwiteni afisa wa bonde na afisa mazingira wa wilaya mwisho wa masika, maji yakiwa juu, mpime mbele ya wenye mashamba na mweke vigingi vya kudumu. Kila mwenye shamba asaini mchoro, na nakala moja ibandikwe ofisi ya kijiji. Kazi hiyo ya siku moja itawaokoa na mabaraza mengi ya usuluhishi.

Anayevuta maji kwa pampu kwa ajili ya kilimo cha biashara anahitaji kibali cha bodi ya bonde. Anayechota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hahitaji. Hata mwenye kibali asiiweke mashine ukingoni kabisa. Iangalieni chini: mchanga ukiwa mweusi na unanuka petroli, mvua ya kwanza itaupeleka majini, palepale akina mama wanapochota. Mashine isogezwe juu, iwekewe karai la kukingia mafuta.

Ng'ombe wanahitaji njia, na kuwafungia ufuo wote ni kuwaonea wafugaji. Wafugaji wa Kibarabaig wana sababu ya kuwa na mashaka na mipango ya ardhi: kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua malisho yao mazuri, na kesi zake zilifika mahakamani. Kwa hiyo mpango wa matumizi ya ardhi wa vijiji jirani usiandikwe ofisini halafu wakaitwa kuusikiliza. Anzeni na wazee na mabaraza yao, girgwageda, likiwamo la wanawake, ambalo lina mamlaka ya kumtoza faini mwanamume. Mkikubaliana humo juu ya njia ya mifugo na mahali pa birika la kunyweshea nje ya mita 60, sheria ndogo ya kijiji itaheshimiwa zaidi ya bango lolote. Hata hivyo, sheria ndogo hiyo haina nguvu mpaka ipitie mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Kwa wavuvi, msingi ni BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, iliyosajiliwa. Mfumo huu ulianzia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu doria za serikali peke yake hazikutosha. BMU inaweza kutunza daftari la mitumbwi, kukagua leseni na kutoa taarifa za kokoro na nyavu haramu. Haiwezi kujigeuza mahakama. Nyavu zikikamatwa, ziandikwe idadi, saa na mashahidi, kisha zikabidhiwe kwa afisa uvuvi au polisi. Zikichomwa ufuoni kwa hasira, ushahidi nao umeteketea.

Kiboko akila mahindi au kujeruhi mtu, mtendaji aandike taarifa siku hiyohiyo na kumpigia afisa wanyamapori. Kifuta jasho ni cha mazao, kifuta machozi ni cha aliyejeruhiwa au kufiwa. Msitegemee dai la shamba lililolimwa ndani ya mita 60 lipite kirahisi.

Mkutano wa pamoja ufanyike kila robo mwaka, na vijiji vya upande wa Mbulu vinavyotumia ziwa vialikwe pia. Pawe na daftari moja lenye safu nne: jambo, ofisi husika, aliyetumwa, tarehe ya jibu. Orodha ya namba za simu ikaguliwe kwa kupigwa kila namba mkutanoni, maana maafisa huhama. Kagueni pia kamati ya maafa ya kijiji. Tope lililoshuka Mlima Hanang' tarehe 3 Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani, na lilikuja asubuhi, watu wakiwa majumbani. Kwa hiyo mwenye ufunguo wa ofisi ya kijiji awe na msaidizi mwenye ufunguo wa pili.